Modeli za kufundishia tezi za mwili: ipi ununue, ipi uiache dukani

Nianze na jibu, maana najua walimu wenzangu mna kamati za skuli zinazosubiri. Kama pesa iliyopo ni ya kitu kimoja tu cha kufundishia tezi, nunueni kipande cha ngozi. Ikibaki, ongezeni kongosho. Chati kubwa ya ukutani iacheni, hata muuzaji akikwambieni kuwa ndiyo inayokwenda kuliko zote.

Mie nafundisha Bayolojia Wete, Pemba, kidato cha pili na cha tatu. Vitu vyote vitatu nilivinunua mjini Unguja, katika duka moja la vifaa vya skuli upande wa Mchangani, kwa pesa waliyochanga wazazi. Nimevitumia darasani kiasi cha kuweza kuvisemea. Sina udugu na mwenye duka wala sikupunguziwa bei.

Kinachonisukuma kuandika ni hiki. Kila mwaka watoto wanakuja na majina wameyakariri: pituitari, thairoidi, adrenali, kongosho. Wanayasoma moja kwa moja bila ya kukosea. Sasa muulize mmoja: hiyo insulini inatokea wapi kwenye kongosho, na inapita njia gani mpaka ifike kwenye msuli wa mkono? Kimya. Anajua kongosho inatoa maji ya kumeng'enyea chakula, anajua pia inatoa insulini, lakini hajawahi kuonyeshwa kuwa vitu hivi viwili vinapita njia mbili zisizokutana.

Na tezi yote iko kwenye hiyo njia. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, tezi nyingi huanza kutokana na epithelio, tishu ile ile inayofunika ngozi kwa nje na matumbo kwa ndani. Seli zinaongezeka, zinazama kwenye tishu iliyo chini yake. Shina linaloziunganisha na juu likibaki, linatoboka katikati na kuwa mrija, na tezi inamimina kitu chake ngozini, mdomoni au utumboni. Shina likipotea, tezi inabaki imezama peke yake, imezungukwa na vishipa vyembamba vya damu, na chochote inachokitengeneza kinaingia humo kwenye damu. Kwa hivyo kifaa chochote cha kufundishia tezi mie nakipima kwa swali moja tu: mtoto akiweka kidole kwenye tezi, anaweza kuifuata njia ya kutokea mpaka mwisho?

Kipande cha ngozi kinaweza, tena kwa uzuri. Bei yake ilikuwa shilingi 180,000. Ni bonge la plastiki ngumu, upana wa daftari kubwa lililofunguliwa, limekatwa ubavuni ili tabaka zote zionekane: ngozi ya juu, ngozi ya ndani, kisha mafuta yaliyo chini. Nusu yake ni ngozi yenye nywele, nusu ya pili ni ngozi ya kiganja. Na hapa ndipo nilipomjua aliyeitengeneza kuwa ni mtu aliyesoma, kwa sababu upande wa kiganja hauna hata tezi moja ya mafuta. Viganja na nyayo za binadamu hazina tezi hizo kabisa, ingawa tezi za jasho zimejaa. Rafuni palikuwa na kipande chengine cha shilingi 95,000, rangi zake zimekoza na kupendeza zaidi, nacho kimebandikwa tezi za mafuta mpaka kiganjani. Nilikirudisha pale pale. Ukienda kununua, kipimo chako cha kwanza kiwe hicho.

Tezi ya jasho imechongwa kwa uangalifu. Ni mrija mmoja usio na matawi. Chini kabisa umejikunjakunja ukawa fundo, kisha unanyooka kupanda, na ukifika ngozi ya juu unajizungusha tena mpaka kwenye tundu. Watoto wanaufuata kwa ncha ya kalamu. Lile fundo ndilo linalotoa maji na chumvi, na ile sehemu inayopanda inaivuta chumvi nyingi kuirudisha mwilini kabla jasho halijafika nje. Ndiyo maana jasho lina chumvi kidogo kuliko maji ya damu, na ndiyo maana likitoka kwa wingi na kwa haraka linakuwa kali zaidi ulimini, kwa kuwa mrija hauwahi kuivuta chumvi yote. Mwili wa mtu mmoja una tezi hizi baina ya milioni 2 na 4. Mwezi wa Februari, kaskazi imekaza, watoto wangu wanaielewa kazi yake bila maelezo marefu: jasho likikauka ngozini linaondoka na joto, lakini hewa yetu ikijaa unyevu halikauki, linatiririka tu, na mwili haupoi.

Tezi ya mafuta imekaa ubavuni mwa unywele, ya manjano, na mrija wake mfupi unaingia kwenye kifuko cha unywele huo. Kilichonifurahisha ni kuwa wameipasua. Ukiitazama kwa karibu unaona seli za pembeni ni ndogo na zina kiini, za katikati zimevimba mafuta, na zilizo jirani na mrija zimepasuka. Ndivyo inavyofanya kazi khasa. Seli haitoi mafuta ikabaki. Inajijaza, inakufa, inapasuka, na mabaki yake yote yanatoka pamoja na mafuta, huku nyengine zinazaliwa nyuma yake. Seli ya tezi ya jasho haifi namna hiyo, inatoa na inabaki nzima. Ukishawaonyesha watoto hizi mbili zikiwa pamoja mbele ya macho yao, njia ya tatu unaweza kuichora ubaoni: titi, ambamo tone la mafuta ya maziwa linatoka likiwa limevikwa kipande cha utando wa seli yenyewe. Miaka yote nilipokuwa nazichora zote tatu kwa chaki, nusu ya darasa ilikuwa inazichanganya. Sasa hawazichanganyi.

Kasoro kubwa ya kipande hiki ni kuwa hakina tezi za jasho za kwapani. Kwa skuli ya sekondari hili ni pengo, maana tezi hizo ndizo zinazoanza kazi pale mtoto anapobaleghe, na ndizo zinazowatia haya. Ziko kwapani, kwenye sehemu za siri na kuzunguka chuchu. Ni kubwa kuliko zile za kawaida, na mirija yake haifunguki juu ya ngozi bali ndani ya kifuko cha unywele. Jasho lake ni zito kidogo, lina mafuta na protini, na likitoka halina harufu ya maana. Bakteria wanaoishi ngozini ndio wanaolivunja, na harufu inatoka hapo. Nimeiunda tezi hiyo kwa udongo wa mfinyanzi nikaibandika ubavuni mwa unywele mmoja, na mazungumzo yaliyofuata darasani yalikuwa ya maana kuliko ukurasa wowote wa kitabu. Mtoto wa miaka 14 anayedhani ananuka kwa sababu ni mchafu anahitaji kusikia kuwa mwili wake umeanza kazi mpya. Halafu anaelewa kwa nini kuoga kunasaidia, kwa nini kunyoa kwapa, jambo ambalo amefundishwa chuo cha Kurani tangu mdogo, kunawanyima bakteria mahali pa kushikilia, na kwa nini shabu anayopaka mama yake inafaa. Waliotengeneza modeli ya ngozi wakaiacha tezi hiyo wamewanyima vijana kitu chao.

Kasoro ya pili ni ndogo: lile fundo la jasho limeachwa bila ya vishipa vya damu kulizunguka. Maji ya jasho yanatoka kwenye damu, na mtoto mwerevu atakuuliza yanaingiaje. Kalamu nyekundu ya wino mzito inatosha kurekebisha.

Sasa kongosho, shilingi 140,000. Ina urefu wa kongosho ya mtu mzima, sentimita 15 hivi, imelala kwenye mkunjo wa duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, pamoja na mfuko wa nyongo. Sehemu ya mbele inafunguka, inashikwa kwa sumaku. Ndani unaona mrija mkuu unaoanzia mkiani mwa kongosho, unapokea vijirija kila upande, unakutana na mrija wa nyongo na kuingia utumboni. Johann Wirsung aliueleza mrija huo huko Padua mwaka 1642, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Lakini ningekuwa nalipia sehemu hiyo tu, ningesema bei ni kubwa. Thamani iko kwenye kisahani kinachokuja nayo, kinachoonyesha chembe ya kongosho iliyokuzwa. Hapo kwa watoto wa Pemba kazi ilikuwa nyepesi. Niliwaambia wakumbuke kichala cha karafuu kabla hakijachambuliwa: karafuu zimekaa kwenye ncha, kila moja na kikonyo chake, vikonyo vinakutana kwenye kikonyo kikubwa, na hicho kwenye kikubwa zaidi. Karafuu ndizo vifundo vya seli vinavyotengeneza vimeng'enya, makonyo ndiyo mirija. Mtoto aliyekaa jamvini msimu mzima kuchambua na bibi yake hahitaji kuambiwa mara ya pili. Tezi za mate zimejengwa kwa mpango huo huo, na za maziwa pia. (Na karafuu yenyewe, kwa anayependa kujua, ina tezi zake za mafuta chini kidogo ya ganda, harufu yake yote imo humo.)

Tazama kifundo kimoja kwenye kisahani. Seli zimepangwa duara, kiini cha kila seli kimekaa upande wa nje, na upande wa ndani, unaoelekea kwenye uwazi wa katikati, zimejaa chembechembe nyekundu. Hivyo ni vifuko vya vimeng'enya vinavyosubiri amri. Amri ikija, kifuko kinasogea ukingoni, kinaungana na utando wa seli, kinamwaga kilichomo, na seli inabaki salama. Vimeng'enya vya kuvunja protini vinatoka vikiwa bado havijawa na nguvu. Tripsinojeni, ambayo ni kimojawapo, inageuka kuwa tripsini ikifika duodeni, kwa kuguswa na kimeng'enya cha ukuta wa utumbo. Ikigeuka mapema, ikiwa bado ndani, kongosho inaanza kujimeng'enya yenyewe, na maradhi hayo yapo na yanaua. Sijaona kitu kingine kilichonisaidia kulieleza hili kwa wepesi kama zile chembe nyekundu.

Katikati ya vifundo hivyo kuna kiduara chenye rangi hafifu, hakina mrija wowote, kimetobolewatobolewa na vishipa vya damu. Ni kimojawapo cha visiwa vya Langerhans. Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, na hakujua kazi yake. Visiwa vyote pamoja ni asilimia 1 mpaka 2 tu ya kongosho nzima, na bado ndimo inamotoka insulini ambayo Frederick Banting na Charles Best waliipata Toronto mwaka 1921. Kwenye kisahani, kidole cha mtoto kikianzia kwenye kisiwa hakina mrija wa kuufuata, lazima kiingie kwenye kishipa cha damu. Kikianzia kwenye kifundo kinaishia utumboni. Lile swali langu la mwanzo linajibiwa hapo, na anayelijibu ni mtoto mwenyewe.

Tena amri yenyewe ya kongosho kumimina yale maji yake ya kupooza asidi inakuja kwa damu. William Bayliss na Ernest Starling walilithibitisha London mwaka 1902: asidi ya tumbo ikifika kwenye ukuta wa utumbo, ukuta unatoa homoni iitwayo sekretini, sekretini inaingia kwenye damu, inazunguka mpaka kwenye kongosho, na mrija unaanza kutiririka. Ukiwa na modeli mezani unaizungusha safari hiyo yote kwa kidole mbele ya darasa.

Lawama zangu kwa kongosho ni mbili. Kwanza, mrija wake na mrija wa nyongo vimepakwa kijani kimoja, kwa hivyo mtoto anadhani nyongo inatoka kwenye kongosho. Nyongo inatoka kwenye ini, mfuko wake unaihifadhi tu. Nimeupaka mrija wa kongosho rangi ya kucha nyeupe na tatizo limekwisha. Pili, sumaku ni dhaifu, na kifaa kikipita mikononi mwa watoto 60 kifuniko kinaanguka.

Tezi za mate msinunulie modeli, ziko kwenye kila kinywa. Chukua embe mbichi, chumvi na pilipili, kata mbele ya darasa, usimpe mtu kwanza. Mate yanaanza kujaa kwa kuona na kunusa tu. Kisha wape vioo vidogo, wavute shavu pembeni watazame mbele ya gego la pili la juu. Pana kichuguu kidogo cha nyama. Kikaushe kwa pamba, mpe mtoto alambe embe, na utaona maji yanachuruzika hapo. Ule ni mdomo wa mrija wa tezi kubwa ya mate, iliyo mbele ya sikio, na maji yake ni mepesi. Ya chini ya ulimi ni mazito na yenye ute mwingi. Kwa siku mtu anatoa lita 1 mpaka moja na nusu ya mate. Msichana mmoja aliyekuwa hasemi kitu darasani ndiye aliyeliona tone la kwanza, na tangu siku hiyo anakaa mbele.

Chati ya ukutani ilikuwa shilingi 25,000, nayo sina mengi ya kuisemea. Ni picha ya mtu na nukta za rangi, kila nukta na jina lake. Parathairoidi, tezi ndogo nne zilizo nyuma ya thairoidi ya shingoni, hazimo. Mitoki imehesabiwa miongoni mwa tezi, ilhali ile ni vituo vya kinga ya mwili, haina seli za kutengeneza na kutoa kitu kama tezi zinavyotoa. Hakuna mrija, hakuna kishipa cha damu, hakuna seli. Mtoto akiitazama mwaka mzima atatoka na yale yale majina aliyoingia nayo.

Kitu kimoja ndani yake ni kizuri, kile kisanduku cha pembeni kinachoonyesha thairoidi ikiwa imekatwa. Vinaonekana vifuko vya mviringo, ukuta wa seli moja moja, na katikati ute mzito. Tezi nyengine zisizo na mirija zinaweka akiba yake ndani ya seli. Hii inaiweka nje, katikati ya kifuko, na akiba hiyo inaweza kumtosha mtu miezi 2 au 3. Ili kuitengeneza inahitaji madini joto: chembe 4 za iodini kwenye kila molekuli ya thairoksini, homoni ya tezi hii. Yakikosekana, pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, inaizidishia thairoidi amri, tezi inatanuka, na mtu anaota rovu. Nalisema hili kwa nguvu darasani kwa sababu kwetu watu wengi wanaamini kuwa anayekula samaki na chumvi ya bahari hawezi kukosa madini joto. Samaki wanasaidia, lakini chumvi iliyokaushwa na jua haibaki na iodini ya kutosha mpaka itiwe. Nawaambia watoto wakaangalie pakiti ya chumvi jikoni kwao, kama imeandikwa kuwa imetiwa madini joto, na kama imefungwa vizuri mbali na jua na unyevu. Kwa kisanduku hicho tu nimeikata chati nikakibakisha.

Kuhusu huduma. Kijana wa dukani ana adabu na anajua vitu vyake viko wapi, lakini amezoea kuuza chati. "Mwalimu, chukua hii, skuli zote zinachukua hii. Hiyo ngozi nzito, utaifikishaje Pemba?"

"Mwanangu, we nifungulie tu, kufika itafika."

Akafungua, tena kwa uvumilivu, maboksi matatu moja baada ya jengine, na nilipotaka kukilinganisha cha bei ndogo na cha bei kubwa hakukasirika. Hilo namshukuru. Risiti ndiyo iliyokuwa na kasoro: waliandika "vifaa vya skuli" na jumla ya pesa, basi. Kamati haiwezi kukubali hivyo. Niliwarudishia wakaandika kimoja kimoja na bei yake, na ilibidi nisimame kidete. Kufunga nako walifunga kwa magazeti peke yake. Kwa mtu wa mjini inatosha, lakini sisi mzigo unapanda boti mpaka Mkoani, kisha unapanda gari mpaka Wete, na pembe ya plastiki ikigongwa inamung'unyika. Dai boksi lake la asili na vipande vya sponji, wanavyo nyuma ya duka.

Na ukinunua kongosho, geuza kitako chake kabla hujalipa. Panatakiwa pawe na kifuko cha nailoni kimegandishwa kwa gundi, ndani yake sumaku mbili za akiba. Boksi la kwanza nililofunguliwa halikuwa nacho.